Usionje, Zephania

"Vua viatu," Kokila alisema kabla hata ya salamu. "Halafu nenda ukaoge."

Zephania alibaki amesimama mlangoni, theluji ikimyeyukia mabegani, asijue kama amesikia vizuri. Katika miaka miwili ya kupendana na binti huyu, aliwahi kuvuka kizingiti cha nyumba yao mara moja tu, na siku hiyo alitoka kichwa kimeinama. Leo alipigiwa simu kwenye karakana ya lifti alikofanya kazi, kule Sundbyberg, pembeni mwa Stockholm, akaambiwa neno moja: "Njoo." Alimwomba msimamizi ruhusa, akapanda treni ya chini ya ardhi hadi mwisho wa reli, Hjulsta. Njia nzima alidhani mzee, baba yake Kokila, amefariki.

"Nikaoge?"

"Bafu liko kushoto. Nimekuwekea taulo na shati safi la kaka yangu. Tafadhali, Zephania. Fanya kwanza, uulize baadaye."

Aliyasema hayo akiwa amejibana kwenye ukuta wa mbali, mikono nyuma, kana kwamba anaogopa kuguswa. Macho yake mazuri, yale yaliyomfanya Zephania apitwe na kituo chake siku ya kwanza walipoonana, yalikuwa yamevimba na kuwa mekundu. Siku ile alikuwa amesikia sauti nyuma yake kwenye treni ikisema, "Jamani, baridi gani hii!" Akageuka akitegemea kumwona mtu wa Bukoba au Mwanza, akamkuta msichana wa Kihindi aliyejifunga skafu ya kijani, anacheka peke yake. Mzaliwa wa Jinja, mama yake mzaliwa wa Mwanza, na Kiswahili alikinywa pamoja na maziwa.

Alioga, akavaa shati la Kishor, kaka yake Kokila, lililombana kifuani. Alipotoka alimkuta Kokila pale pale.

"Mzee anaendeleaje?"

"Hajala. Tangu walipomtoa hospitali hajala kitu cha maana. Kule alikuwa anakunywa maziwa na kula tufaha, basi. Anasema masufuria yao yamepikiwa nyama. Muuguzi alikuja leo asubuhi. Amesema kama hali ni hii, Jumatatu wanamrudisha, wanamtia mpira puani. Na yeye ameapa. Anasema wakimrudisha kule hatatoka mzima. Namjua baba yangu. Akiamua kufa, atakufa."

"Lakini wewe unampikia."

Kokila alitazama sakafu. "Niko mwezini," alisema polepole.

Zephania alitazama mlango wa jikoni.

"Kwetu mwanamke akiwa hivyo haingii jikoni. Hagusi sufuria, hasogelei mahali pa sala. Kaki Pushpa, mke wa baba mdogo, ndiye angekuja kupika, lakini ameteleza kwenye barafu huko kwao Fisksätra, amefungwa plasta mguu mzima. Kishor yuko Leicester. Mama..." Hakumalizia. Mama yake alikuwa amefariki mwaka uliopita. "Jana niliingia. Nilisema Mungu atanisamehe, mtu anakufa njaa. Nikapika, nikampelekea. Akanitazama usoni, akaniuliza, 'Kokila, leo ulifaa kuingia jikoni?' Nikashindwa kumdanganya. Akageukia ukutani."

"Kwa hiyo mimi..."

"Kwa hiyo wewe utapika."

Zephania alitaka kucheka, kicheko kikakataa. "Koki, baba yako alinifukuza humu ndani kwa sababu ya chakula. Umesahau? Aliniuliza nakula nini, nikamjibu ukweli: ndizi, samaki, nyama nikipata. Akasema mwili wa mtu ni kile anachokula, na akili yake ni kile anachokula, na mwili wangu umejengwa kwa vitu ambavyo hawezi kuvipa binti yake. Leo ndiyo nifae?"

"Hufai," Kokila alisema bila kuzunguka. "Lakini hujagusa nyama tangu majani yalipoanza kupukutika. Nani aliyekulazimisha? Hakuna. Umeoga. Na moyo wako umetulia kuliko wangu. Mama alikuwa akisema, mpishi akipika na hasira, mlaji anakula hasira. Akipika na huzuni, anapakua huzuni. Mimi nikipika leo nitampa baba nini, Zephania? Hofu imenijaa hadi kooni."

Alitamani kumwambia kwamba hata moyo wake mwenyewe haujatulia, kwamba umekuwa ukipigwa na mawimbi tangu siku ile ya skafu ya kijani. Badala yake alikunja mikono ya shati.

"Haya. Niongoze."

Jiko lilikuwa dogo na safi kuliko jiko lolote aliloliona Stockholm. Dirishani, juu ya kikanza cha kupasha nyumba joto, palikuwa na mrehani ndani ya chungu, umekonda kwa kukosa jua lakini bado una majani. Juu ya kabati kulikuwa na picha ya Mungu wao, imevishwa ushanga, na taa ndogo ya samli iliyozimika. Kokila alisimama nje ya mlango, vidole vya miguu vikigusa mstari pale zulia la korido lilipoishia. Kutoka hapo akaanza kumpikisha kwa maneno.

"Mchele uko kwenye kopo jeupe. Choroko zilizokobolewa kwenye lile la bluu. Changanya, osha. Bado. Bado, maji yana ukungu. Osha mpaka yawe kama ya mvua."

"Hivi?"

"Hivyo. Sasa sufuria, maji mengi. Manjano kidogo. Kidogo, Zephania, si kupaka rangi nyumba! Chumvi. Funika."

Walingoja maji yachemke. Upande wa pili wa ukuta mzee alikohoa, wote wawili wakaacha kupumua hadi aliponyamaza.

"Vitunguu viko wapi?" Zephania alinong'ona.

"Hakuna."

"Hata saumu?"

"Hata saumu. Kuna chakula cha kutuliza mtu, kuna cha kumchemsha damu, na kuna cha kumlaza akili kama aliyenyweshwa pombe. Vitunguu vinachemsha. Mgonjwa moto anao tayari, humwongezei. Hii kichidi ndiyo chakula cha kwanza cha mtoto kwetu, na cha mwisho cha mzee. Haimchoshi mtu tumboni." Akatabasamu kidogo, tabasamu la kwanza la siku hiyo. "Mama alinifundisha nikiwa siufikii mwiko. Tulikuwa Jinja bado."

"Ningependa angenifundisha na mimi."

"Angekupenda," Kokila alisema haraka, kisha akajiuma mdomo. "Hapana. Sijui. Labda angekupenda, halafu angelia, halafu angekataa kama baba. Sitaki kukudanganya."

Zephania alikoroga. Mvuke ulimpanda usoni, naye akashukuru kwa kuwa ulimpa sababu ya kufuta macho. Wali na choroko vilikuwa vimeanza kuvunjika na kuwa kitu kimoja, kizito, cha manjano. Alichota kidogo kwenye kijiko, akapuliza, akakipeleka mdomoni.

"Usionje!"

Kijiko kilimponyoka, kikalia kwenye beseni.

"Usionje, Zephania. Hakionjwi kabla Mungu hajapewa. Ukionja kimekuwa makombo."

"Sasa nitajuaje kama chumvi imetosha?"

"Utanusa. Utasikiliza. Mama alikuwa anasikia chumvi." Alimtazama moja kwa moja, na kwa mara ya kwanza tangu aingie, hakuyakwepa macho yake. "Nimekuwa nikikuota hivi. Kila siku nakuota jikoni kwangu, unanikera, unaonja kila kitu. Kumbe ndivyo ningeipata hiyo ndoto. Wewe ndani, mimi nje."

"Koki."

"Shusha moto. Itaungua."

Akashusha moto. Kokila akamwelekeza apashe samli kwenye kikaango kidogo, atie binzari nyembamba hadi ipasuke, tangawizi, halafu mvuje kiasi cha kushikwa na ncha za vidole. Harufu ya mvuje ilipanda kali, ya ajabu, kisha ikatulia na kuwa tamu. Akamimina yote juu ya kichidi, ikachachatika.

"Sasa chukua bakuli dogo la shaba. Weka kijiko kimoja, chuma jani moja la mrehani uweke juu. Uweke mbele ya picha. Washa taa."

Hapo Zephania alisita. Mkono wake ulibaki juu ya bakuli. Baba yake huko Kagera alikuwa mwinjilisti wa Kilutheri, mtu aliyewahi kutoka kwenye msiba wa ndugu yake kwa sababu watu walimwagia mizimu pombe. Alimwona kana kwamba amesimama pale kando ya friji, Biblia kwapani, hasemi kitu.

Kokila aliona. "Mimi siwezi kuweka," alisema kwa unyonge. "Ningeweza nisingekuomba."

"Naweza kukiweka. Kuomba kwenu sijui, na nikijifanya najua nitakuwa mnafiki."

"Weka tu."

Akaweka. Akawasha taa kwa kiberiti. Na kwa kuwa hakujua la kufanya tena, akafumba macho akasema moyoni ile sala ya chakula aliyofundishwa utotoni, fupi, ya kushukuru. Alipofumbua, Kokila alikuwa amekunja viganja kifuani kule nje ya mlango, machozi yakimtiririka, naye hakuyafuta.

"Nitamwambia Kaki ndiye aliyekituma," alisema ghafla. "Nitasema umekileta tu kutoka Fisksätra. Atakubali. Mwache ale kwanza, Zephania, apate nguvu, halafu..."

"Hapana."

"Atakufa!"

"Nikimlisha mtu, ajue anakula mkono wa nani. Wewe mwenyewe jana ulishindwa kumdanganya. Unataka mimi niweze?"

Kokila alifunika uso. Zephania alipakua kichidi kwenye bakuli, akalibeba kwa mikono miwili, akapita mbele yake. Walikaribiana mpaka akasikia harufu ya mafuta ya nazi kwenye nywele zake. Hawakugusana.

Mzee Jamnadas alikuwa amelala kwa ubavu, amefunikwa mablanketi mawili, amepungua mpaka akafanana na mtoto. Alifumbua macho. Kiswahili chake kilikuwa kile alichouzia duka miaka thelathini, hakijui ngeli wala hakikuwahi kuzihitaji.

"Wewe."

"Ni mimi, Mzee. Shikamoo."

Kwa kuwa adabu ni adabu, mzee akajibu, "Marahaba." Macho yalishuka hadi kwenye bakuli. "Nani pika?"

"Mimi."

"Wewe onja?"

"Sijaonja."

"Mungu kwanza?"

"Nimemwekea. Na taa nimewasha."

"Wewe Mkristo."

"Ndiyo, Mzee."

"Basi kwa nini weka?"

Zephania alitafuta jibu la busara, akalikosa, akasema lililokuwepo. "Kwa sababu chakula ni chako. Si changu."

Mzee aligeukia ukutani.

Zephania alisimama pale na bakuli. Mvuke ulikuwa unapungua. Mlangoni Kokila alikuwa amechuchumaa chini, ameegemea fremu, midomo yake inacheza bila sauti. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na la kufanya. Zephania alifikiri, mimi natengeneza lifti zinazobeba watu kumi ghorofa ishirini, na siwezi kukisogeza kijiko hiki hadi kwenye mdomo ule.

Kisha mzee akasema jambo kwa Kigujarati, akiuambia ukuta. Kokila alitafsiri.

"Anasema... mama yake alimfundisha kwamba chakula hakitukanwi. Chakula ni Mungu. Kikishaletwa mbele ya mwenye njaa, kukikataa ni kumfukuza mgeni mlangoni. Anasema umsaidie kukaa."

Zephania aliweka bakuli mezani, akamwinua mzee kwa mgongo. Alikuwa mwepesi, mifupa na joto. Mzee alinyoosha mkono wa kulia kuchukua kijiko, ukatetemeka, ukaanguka juu ya blanketi. Akautazama kwa muda kama kitu cha mtu mwingine. Halafu akafungua mdomo.

Zephania akamlisha. Kijiko kwa kijiko, akigeuza uso pembeni pumzi yake isikiguse chakula. Mzee alitafuna kitu kisichohitaji kutafunwa. Alikula nusu ya bakuli, akapumzika, akala tena. Mlangoni Kokila alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, na uso wake ulikuwa umewaka matumaini kiasi kwamba Zephania aliogopa kuutazama.

Bakuli lilipoisha, akajipa moyo. "Mzee, mimi nilikuwa nataka..."

"Ngoja." Mzee aliinua kidole. "Chakula yako mzuri. Mkono yako tulivu. Mimi naona, mimi si mjinga. Roho yako mzuri kuliko watoto mingi ya watu yangu." Akavuta pumzi. "Lakini binti siwezi toa."

Kokila aliacha kulia.

"Kwa nini, Mzee?" Zephania aliuliza taratibu. "Nimeacha nyama. Nitaacha lolote lingine. Niambie tu niache nini."

"Hakuna ya kuacha." Mzee alitikisa kichwa, na machozi yakaanza kumshuka kwenye mikunjo ya mashavu, bila aibu. "Mimi naacha Jinja. Naacha duka. Mke yangu nachoma moto hapa, kwa baridi, hakuna hata mto ya kumwaga majivu. Sasa nabaki na kitu moja tu, desturi ya watu yangu. Nikiacha hii, mimi nani? Sema, kijana. Mimi nani?"

Zephania alikuwa amejiandaa kupambana na dharau, na hasira, hata na matusi. Hakujiandaa kumhurumia.

"Kishor anakuja," mzee aliendelea. "Leicester kuna kijana, familia nzuri. Daktari nasema nikipata nguvu kidogo, naweza panda ndege. Tunaenda wote, mimi na Kokila." Alijilaza polepole, akafumba macho. Zephania alidhani amelala. "Kesho njoo mapema," mzee alisema. "Ongeza maji. Leo ilikuwa nzito."

Kokila alimfuata hadi kwenye ngazi za jengo, akafunga mlango nyuma yake. Taa ya ngazi ilikuwa ya kujizima yenyewe. Ikazima, hakuna aliyeiwasha. Mwanga wa theluji uliingia kwa dirisha la juu na kumwangukia shavuni.

"Umemsikia," alisema.

"Nimemsikia."

"Ukimpikia atapona. Akipona, atanipeleka."

"Najua."

"Basi usije!" Alimkamata kifua cha koti kwa mikono miwili, akamtikisa. "Usije kesho, Zephania. Kaa kwako. Nitamwambia umekataa."

"Nisipokuja Jumatatu watamchukua."

"Ndiyo."

"Na wewe utaishi na hilo? Utanitazama asubuhi, kila asubuhi, na kunipikia chai?"

Kokila alilaza paji la uso kwenye koti la Zephania lenye unyevu, nao wakasimama hivyo. Ghorofa ya chini mtu alifungua mlango, akatoka na mbwa, sauti za kucha za mbwa zikafifia kwenye sakafu ya saruji.

"Niseme kwamba siendi," Kokila alisema ndani ya koti. "Nikatae tu. Wasichana wa Kiswidi wanakataa, mbona."

"Unaweza?"

"Nikimtazama, siwezi. Nikikutazama wewe, naweza. Kisha namtazama tena." Aliinua uso. "Niambie la kufanya. Wewe ni mwanaume, niambie, nitafanya."

Na Zephania, aliyempenda kuliko alivyowahi kupenda kitu chochote duniani, aligundua kwamba akisema neno moja tu angempata, na kwamba mzee yule angelikufa ndani ya neno hilo, na Kokila angeliila maiti yake kila siku ya ndoa yao.

"Rudi ndani," alisema. "Usimwache peke yake."

Kesho yake alikuja kabla hakujapambazuka vizuri. Alioga, akavaa lile shati la kubana, akaongeza maji. Keshokutwa pia alikuja. Muuguzi wa Jumatatu alimkuta mzee ameketi na mito mgongoni, akashangilia kwa Kiswidi, akampongeza Kokila, naye Kokila akasema asante kwa sababu hakuwa na neno lingine. Ikafika siku Kokila akaruhusiwa tena jikoni, lakini mzee akasema kijana aendelee, mkono wake umezoeleka. Basi wakapika wote wawili, bega kwa bega, katika jiko lile dogo, kama mke na mume, na hiyo ndiyo iliyokuwa mbaya kuliko zote.

Asubuhi moja wiki hiyo Zephania alikuwa anakoroga, Kokila kando yake, akasikia hatua za kuburuta kwenye korido. Aligeuka. Mzee Jamnadas alikuwa amesimama mlangoni kwa miguu yake mwenyewe, ameshika ukuta, amenyoa ndevu, macho yake maangavu.

"Mnaona?" mzee alisema kwa fahari. "Mimi natembea! Sasa ndege naweza panda."

"Hongera, Mzee," Zephania alisema, na aliposema hivyo alimaanisha. Alifurahi kweli, furaha safi ya mtu aliyeona kazi yake imesimama. Kisha akawapa wote wawili mgongo, akainama juu ya sufuria, asije Kokila akaona kilichofuata usoni mwake.